Nyumba moja, makadirio mawili ya sola: hesabu ilipopotelea

Familia ya watu sita inaishi kwenye nyumba yake yenyewe, yenye umeme wa gridi tangu ilipojengwa. Bili imekuwa ikipanda. Umeme nao hukatika mara kwa mara, hasa jioni, na mara nyingine haurudi hadi kunapambazuka. Bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba, ana kisukari, na akiba ya insulini yake hukaa kwenye friji ya jikoni. Waliponiomba niwasaidie kuamua juu ya sola, tayari walikuwa na makadirio mawili kutoka kwa wauzaji wawili, na hayakufanana hata kidogo.

La kwanza lilikuwa na paneli 12 za wati 450, betri za lithiamu za kuhifadhi yuniti 15, na inveta ya kilowati 8, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa umeme wa kutumika nyumbani. Ahadi yake: nyumba nzima itawaka usiku na mchana kana kwamba gridi haipo. La pili lilikuwa na paneli 2 za wati 350, betri 2 za asidi za volti 12 na ampea-saa 200 kila moja, na inveta ya kilowati 3. Ahadi yake ilikuwa neno moja, kwamba itatosha. Bei ya kwanza ilikuwa takriban mara sita ya bei ya pili. Mume alivutwa na ile nafuu. Mke alitaka ile kubwa, na nilimwelewa, maana ndiye anayeamka usiku kuangalia friji.

Wauzaji wote wawili waliangalia bili ya mwezi na ukubwa wa paa. Hakuna aliyeuliza umeme huo unatumika saa ngapi. Kwa maoni yangu hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza, na kila kitu kilichofuata katika kisa hiki kilitokana na kuliuliza.

Matatizo mawili ndani ya ombi moja

Bili kubwa ni tatizo moja na giza ni tatizo jingine, na dawa zake si moja. Bili hupunguzwa na paneli: kila yuniti inayotoka juani na kutumika papo hapo ni yuniti ambayo haikununuliwa. Giza huondolewa na betri. Paneli pasipo betri hazina faida usiku. Isitoshe, inveta ya kawaida ya kuunganishwa na gridi hujizima gridi inapokatika, hata kama ni saa sita mchana na jua linachoma. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi, isije ikasukuma umeme kwenye nyaya za nje wakati fundi wa kampuni ya umeme amezishika. Nimekutana na watu waliojaza paa paneli wakashangaa kukaa gizani pamoja na majirani.

Familia hii ilikuwa na matatizo yote mawili. Muuzaji wa kwanza aliyajibu yote kwa kukuza kila kifaa. Wa pili alijaribu kuyagusa yote kwa vifaa visivyotosha hata kwa mojawapo. Tukaamua kuyatenganisha, tukaanza kupima.

Yuniti 12 zinakwenda wapi

Yuniti moja ni kilowati-saa moja: kifaa cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa nzima. Nyumba hii hutumia takriban yuniti 12 kwa siku. Vifaa vya kuchomeka tulivipima kwa kipima umeme kidogo kinachokaa kati ya plagi na soketi. Vilivyobaki tulisoma mita kabla na baada ya kuviwasha. Friji ilikula yuniti 1.6 kwa siku na friza 1.2. Televisheni, king'amuzi, ruta, kompyuta na simu kwa pamoja 1.3. Feni tatu karibu 0.9. Pampu ya kupandisha maji tangini 0.75. Balbu 0.6, pasi 0.4, mashine ya kufulia 0.4.

Hita ya maji ya kuoga ilikula yuniti 5.

Hakuna aliyetarajia hivyo. Watoto walikuwa wakigombezwa kwa sababu ya taa na televisheni, kumbe kitu kimoja kilichojificha juu ya dari ya bafu kilikuwa kinakula zaidi ya theluthi ya umeme wote. Na si ubovu wa hita. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 60 kunadai yuniti 4 na kidogo, na waya wa kupashia wa aina yoyote, wa bei nafuu au ghali, utadai kiasi hichohicho. Karibu yuniti moja iliyobaki ilikuwa inapotea kupitia kuta za tangi.

Sasa saa zake. Hita iliwashwa saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya wanaokwenda kazini na shuleni, kisha saa moja jioni. Nyakati zote mbili hakuna jua. Kumbe ndiyo maana muuzaji wa kwanza alipendekeza betri kubwa kiasi kile: alichukua matumizi ya usiku kama yalivyo, akanunua chombo cha kuyabeba. Betri hizo zilikuwa karibu nusu ya bei yake yote. Umeme ungetoka kwenye paneli mchana, ukaingia betrini, ukatoka kupitia inveta, ukapoteza kidogo kila hatua, ili hatimaye upashe maji alfajiri.

Lakini maji yenyewe yanahifadhi nishati. Yapashwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, paneli zikiwa kwenye nguvu zake, tangi lifunikwe vizuri kwa kizuia joto pamoja na futi chache za bomba linalotoka, na maji yatabaki moto hadi usiku na kuwa na uvuguvugu wa kutosha kesho yake asubuhi. Yuniti 4 zinakaa ndani ya tangi ambalo tayari limelipiwa, bila kugusa betri. Kinachohitajika ni taima. Nilisisitiza jambo moja: wasishushe kipimo cha joto chini ya nyuzi 60 kwa nia ya kubana matumizi, kwa sababu bakteria aina ya Legionella hustawi kwenye maji ya uvuguvugu yanayokaa tangini.

Mume aliuliza kuhusu hita ya sola, ile inayopasha maji moja kwa moja kwa joto la jua bila umeme. Ni kifaa kizuri sana. Paneli ya umeme hugeuza takriban moja ya tano ya nishati ya jua inayoipiga, ilhali hita ya sola huchukua sehemu kubwa zaidi ya hiyo kama joto. Lau tangi lao lingekuwa limeoza ningewaambia wanunue hiyo kwanza, kabla ya paneli hata moja. Tangi lao lilikuwa zima, kwa hiyo taima ilishinda.

Usiku mmoja bila gridi

Baada ya hapo tulikaa na mke na bibi, tukaandika vitu ambavyo lazima viendelee umeme ukikatika saa moja jioni na usirudi hadi saa moja asubuhi. Friji na friza kwa saa 12: yuniti 1.4. Feni mbili kwa saa nane: 0.8. Taa, televisheni na kompyuta kwa saa nne za mwanzo: 0.8. Ruta, pamoja na kile ambacho inveta hula kwa kuwashwa tu: 0.6. Jumla yuniti 3.6. Pasi, mashine ya kufulia na hita hazimo. Hakuna aliyelalamika, bibi alisema friji ikipona, mengine yatasubiri.

Inveta kujilisha yenyewe ni jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Inveta inayovuta wati 40 tu bila kuwasha chochote hula karibu yuniti moja kila siku. Inveta kubwa kuliko mahitaji huwa inakula zaidi, kila saa, mwaka mzima.

Yuniti 3.6 ni kipimo ambacho betri moja ya lithiamu ya yuniti 5 inakimudu, kwa kuwa betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma inaweza kutumika hadi asilimia 80 au 90 ya ujazo wake bila kuumia. Zile yuniti 15 za kadirio la kwanza zilikuwa mara tatu ya betri hiyo.

Betri za asidi za kadirio la pili je? Kwenye karatasi, volti 12 mara ampea-saa 200 mara betri 2 ni yuniti 4.8. Ila betri ya asidi ikizoeshwa kushuka chini ya nusu hufa mapema, kwa hiyo zinazotumika kwa usalama ni 2.4. Usiku mmoja mrefu ungezimaliza kabla ya alfajiri. Kuna baya zaidi. Paneli mbili zile zingetoa takriban yuniti 2 kwa siku ya kawaida na pungufu ya hapo majira ya mawingu, kwa hiyo baada ya usiku kama huo betri zisingejaa kesho yake. Betri ya asidi inayokaa bila kujaa hujenga utando mgumu wa chumvi ya risasi kwenye mabamba yake, na utando ukishakomaa chaji haiingii tena. Mfumo huo ungeanza kuchoka ndani ya mwaka wa kwanza, na wenye nyumba wangesema sola ni uongo.

Bei ikihesabiwa kwa yuniti

Mkanganyiko mwingi wa bei huisha ukigawanya bei ya mfumo mzima kwa bei ya yuniti moja unayolipa sasa. Unapata idadi ya yuniti ambazo fedha hiyo ingenunua kutoka gridi, kisha unailinganisha na yuniti ambazo mfumo utakuokolea kwa mwaka.

Kadirio la kwanza lilikuwa sawa na yuniti 40,000. Paneli zake, kwa wastani wa saa 4.5 za jua kamili kwa siku ambazo eneo hilo hupata, na baada ya kuondoa karibu robo inayopotea kwa joto, vumbi, nyaya na inveta, zingezalisha zaidi ya yuniti 18 kwa siku. Nyumba inahitaji 12. Kampuni ya umeme ya hapo hainunui ziada, kwa hiyo zaidi ya yuniti 6 kila siku zingekosa pa kwenda. Zinazookolewa kweli ni kama 11 kwa siku, takriban 4,000 kwa mwaka. Fedha inarudi baada ya miaka 10. Si hasara, kwa kuwa paneli nzuri huuzwa na dhamana ya utendaji ya miaka 25 na hupungua nguvu kwa takriban nusu asilimia tu kwa mwaka, lakini ni kusubiri kurefu kwa familia inayosomesha.

Kadirio la pili lilikuwa yuniti 6,500, na lingeokoa 2 kwa siku, yaani 730 kwa mwaka. Miaka tisa karibu. Betri zake, kwa matumizi yale, nisingezipa zaidi ya miaka mitatu au minne, na kuzibadilisha kungegharimu sawa na yuniti 3,000. Ndani ya miaka minne mfumo ungekuwa umeokoa yuniti 2,920. Akiba yote ingeishia kwenye betri mpya, tena na tena. Huu ndio mfumo nafuu uliomvutia mume, na nilimwonyesha hesabu hii taratibu, bila haraka, kwa sababu mvuto wa bei ndogo ni wa kweli pale fedha ilipo kidogo.

Tukapanga la tatu: paneli 6 za wati 450, betri moja ya lithiamu ya yuniti 5, na inveta mseto, ile inayoshughulikia paneli, betri na gridi kwa pamoja, ya kilowati 5. Bei sawa na yuniti 18,000. Uzalishaji wa wastani ni yuniti 9 na kidogo kwa siku, na karibu zote zina pa kwenda: hita mchana 5, nusu ya friji na friza 1.4, pampu, pasi na mashine ya kufulia 1.5 kwa pamoja zikihamishiwa mchana, na kinachobaki kinaingia betrini. Nikikata kidogo kwa ajili ya siku za mawingu, zinazookolewa ni 8.5 kwa siku, kama 3,100 kwa mwaka. Fedha inarudi kabla ya miaka sita kutimia. Majira ya mawingu gridi itabeba pengo, na sioni aibu yoyote katika hilo. Kujitoa kabisa kwenye gridi huonekana kuzuri, lakini siku kumi mbaya za mwaka ndizo hudai nusu ya vifaa vyote.

Mvutano mmoja ulibaki, nao ni wa kweli: betri inayotumika kila jioni kupunguza bili itakuwa tupu siku umeme unapokatika usiku. Inveta mseto hukuruhusu kuweka kiwango cha akiba kisichoguswa gridi ikiwepo. Mume alitaka akiba ndogo. Nilipendekeza nusu, angalau kwa miezi ambayo umeme hukatika sana, na mke akaikaza hadi asilimia 70 kwa sababu ya insulini. Namuunga mkono. Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na friji isiyofunguliwa hushikilia ubaridi kwa takriban saa nne tu. Yuniti moja moja zinazopotea kwenye bili kila siku ni bei ndogo.

Paa, kivuli na nyaya

Paa lao lina pande mbili, mashariki na magharibi. Upande wa mashariki una mnara wa tangi la maji na mti mkubwa, na upande wa magharibi uko wazi. Muuzaji wa kwanza alitaka kuzigawa paneli 12 pande zote. Paneli zilizounganishwa mfululizo hupitisha mkondo mmoja, kwa hiyo kivuli cha mnara kikiangukia paneli moja huvuta chini kundi lake lote, ingawa diodi zilizo ndani ya paneli hupunguza makali. Zikiwa 6 tu, zote zinaenea upande wa magharibi na mti unabaki. Mume alikuwa tayari kuukata. Nilifurahi kumwambia hakuna haja.

Kabla ya hayo yote, mbao. Paneli moja ya ukubwa huo ina uzito wa zaidi ya kilo 20, na upepo huongeza nguvu ya kuinua. Fundi seremala alipanda akakuta mchwa wamekula boriti mbili. Kufunga paneli za kukaa miaka 25 juu ya paa la kufunguliwa baada ya miaka mitatu ni kulipa ufundi mara mbili, kwa hiyo boriti zilitangulia. Paneli ziliachiwa nafasi ya kama sentimita 10 kutoka kwenye bati ili hewa ipite. Nguvu inayoandikwa kwenye paneli hupimwa seli zikiwa na nyuzi 25. Juu ya bati la moto seli hufika nyuzi 60 na zaidi, na kwa kila nyuzi moja inayozidi hupotea takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu.

Nyaya nilizikazania kuliko kitu kingine. Paneli 6 mfululizo hutoa karibu volti 300 za mkondo mnyoofu (DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri), na hakuna swichi ya kuzizima maadamu kuna mwanga. Cheche ya mkondo mnyoofu haijikati kama ya umeme wa kawaida wa nyumbani, kwa hiyo vikata umeme vya upande huo lazima viwe vya mkondo mnyoofu vyenye kiwango hicho cha volti. Vile vya kawaida, ambavyo kadirio la pili lilikuwa limeviorodhesha, vinaweza kuwaka moto. Betri ikawa ya volti 48: kilowati 3 kwenye volti 12 ni ampea 250, na kwenye volti 48 ni ampea 62 na nusu, tofauti kati ya waya unaochemka na waya uliotulia. Saketi za friji, friza, pampu, taa, feni na soketi za sebuleni zilihamishiwa kwenye ubao wa peke yake, unaolishwa na inveta wakati wa giza. Hita ilibaki upande wa gridi, na kihisi kidogo kikafungwa kwenye waya wa mita ili inveta ijue hita inavuta kiasi gani na kuilisha mchana. Umeme ukikatika, hita inazimika yenyewe bila mtu kukumbuka chochote.

Mkataba waliousaini na fundi unataja aina na nambari ya kila kifaa, nani anabeba dhamana ya betri na kwa miaka mingapi, na nywila za inveta kukabidhiwa kwa mwenye nyumba siku ya kwanza. Malipo ya mwisho yalifungwa kwenye jaribio moja: swichi kuu ya gridi izimwe saa moja jioni, pampu iwashwe huku friji ikiwa inafanya kazi, kwa sababu mota huvuta mara kadhaa ya wati zake inapoanza kuzunguka na inveta dhaifu huanguka hapohapo, kisha nyumba iachwe hivyo hadi asubuhi. Fundi alikubali sharti hilo bila kubisha. Asubuhi betri ilikuwa na asilimia 24, friji ilikuwa na nyuzi 4, na malipo yakatolewa.